Gari zuri lenye geji isiyostahimili mlima: tathmini baada ya miaka miwili Lushoto

Gari ninalolitathmini hapa ni gari dogo la petroli la milango mitano, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, ambalo nimekaa nalo miaka miwili nikiishi Lushoto, mahali ambapo kupata uwanja tambarare wa kuegesha ni bahati. Injini yake sina ugomvi nayo, breki zake zimenishusha salama hadi Mombo mara nyingi, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Kilichonifanya niandike ni geji ya mafuta, kwa sababu muuzaji hakunigusia habari zake hata kwa neno moja, na fundi wa kwanza niliyemwendea nusura anibadilishie kifaa kizima kisichokuwa na kosa lolote.

Nyumbani kwangu gari hulala kwenye mteremko, pua ikielekea bondeni. Jioni moja nililizima likiwa na vipande viwili kati ya vinane kwenye dashibodi, na asubuhi yake nilipowasha nikakuta vitatu. Nilidhani jana yake sikuangalia vizuri, nikaondoka kuelekea Mtae nikihesabu kwamba lita kumi na tatu hivi zilizomo zinatosha kwenda na kurudi. Kipande cha tatu kilizimika mapema, cha pili kikafuata, na taa ya njano ikawaka nikiwa bado napanda, mbali na sheli yoyote. Kwenye kona moja kali injini ilikohoa mara mbili ikazima. Kijana wa bodaboda aliniuzia lita tatu zilizokuwa kwenye chupa za maji ya kunywa, akazimimina kupitia chupa nyingine aliyoikata kitako, na alipomaliza akaniambia, "Mama, geji za huku milimani usiziamini. Sisi tunatikisa tangi tukasikiliza."

Ndani ya tangi kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono mwembamba wa waya, na mkono huo unapopanda au kushuka hubadilisha kiasi cha umeme kinachofika kwenye dashibodi. Boya halijui zimebaki lita ngapi, linajua tu usawa wa mafuta pale lilipo. Matangi ya magari madogo ni mapana na hayana kina kirefu, kwa hiyo gari likiinama petroli yote hukimbilia upande wa chini. Chukua tangi la lita 42 lenye kina cha sentimita 20, ambalo boya lake limekaa sentimita 20 kutoka katikati: mteremko wa nyuzi 10, yaani unaoshuka takriban sentimita 18 katika kila mita, unatosha kuinua au kushusha usawa mahali pa boya kwa sentimita tatu na nusu, na hizo kwenye geji ni kama lita saba. Kwa gari langu pua ikitazama chini geji huongeza, ikitazama juu hupunguza. Kwa gari la jirani inaweza kuwa kinyume kabisa, kutegemea boya lilipofungwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kazi ya kompyuta. Ili geji isichezecheze kwenye kila kona, magari mengi ya sasa husoma boya polepole na kuchukua wastani wakati wa safari, lakini unapowasha swichi gari hulinganisha usomaji mpya na ule wa mwisho, na likiona tofauti kubwa huamini kwamba umejaza mafuta. Mteremko wa nyumbani kwangu, kwa hesabu ya kompyuta hiyo, ni sheli. Usomaji huo wa uongo haufutiki mara moja, bali husahihishwa kidogo kidogo barabarani, nawe wakati huo tayari umeshapanga safari kwa kuutegemea, na hesabu ya kilomita zilizobaki nayo imeufuata.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu kwa dakika moja akasema kifaa cha ndani ya tangi kimekufa. Wa pili, mzee mmoja fundi umeme, alifanya nilichotarajia kwa wa kwanza: alisukuma gari hadi sakafu tambarare ya gereji, akanyonya mafuta yote, akamimina lita tano tano huku mimi nikisoma vipande, na vikapanda kwa mpangilio bila kuruka hata kimoja. Aliniambia kifaa kibovu hujulikana gari likiwa sehemu tambarare: geji hurukaruka, hukwama mahali pamoja, au hudondoka hadi sifuri kisha ikarudi. Langu halikuwa na dalili hizo. Alinionya pia nisizoee kutembea na tangi karibu tupu, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu iliyo ndani yake, na mlimani mafuta machache yakijikusanya pembeni pampu huvuta hewa, jambo ambalo ndilo lililonizimia gari siku ile.

Watengenezaji kadhaa huandika wazi kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba geji inaweza kukosea kwenye mteremko. Kitabu kilichokuja na gari langu kiko kwa Kijapani, na naona ni wajibu wa anayetuuzia kutueleza mambo ya namna hii kwa lugha tunayoielewa. Gari lenyewe nalipa nyota nne kati ya tano, ila geji yake kwa mtu wa milimani nyota mbili. Anayetaka kulinunua aliwashe kwanza mahali tambarare, alizime, aliegeshe kwenye mteremko kwa dakika kadhaa, kisha aliwashe tena na kulinganisha vipande kabla hajatoa fedha.

Mimi sasa kila ninapojaza tangi narudisha kihesabu safari kwenye sifuri, na kwa kuwa najua lita moja hunipeleka kama kilomita kumi na moja kwenye barabara zetu, kilomita 350 zikifika natafuta sheli hata geji iseme nini. Usiku naliegesha kwa kulikingamisha mteremko, mawe mawili yakiwa chini ya magurudumu, na tangu nianze hivyo vipande vya asubuhi vimekuwa vilevile nilivyoviacha jioni.