Simu ya mezani ya kuzuia wasumbufu: miezi minne nyumbani kwa baba, Moshi

Baba akiinua simu hasemi halo. Anasema "marahaba", hata kama aliyepiga hajamwamkia, maana kwa umri wake anaamini kila anayempigia ni mdogo wake. Sasa piga picha msichana mmoja anampigia saa kumi na mbili asubuhi na kumwambia, "Wewe mzee, leo ndiyo mwisho, lipa hela ya watu." Alinisimulia kisa hicho mara tatu, na mara zote tatu kilichomuuma hakikuwa deni. "Hata shikamoo hakuna, mama. Hata shikamoo!"

Baba hadaiwi na mtu. Ni mstaafu wa kiwanda cha kahawa, macho yamechoka, anaishi Soweto hapa Moshi na dada wa kazi, na simu ya kiganjani imemshinda. Zamani tulikuwa na simu ya waya, ile yenye namba ya 027. Ilipokufa nikamnunulia simu ya mezani ya kuwekea laini, yenye batani kubwa na mkono wa kushika kama alivyozoea. Laini niliisajili mimi kwa kitambulisho changu na alama ya kidole. Nilichosahau ni kwamba namba nayo huwa na historia. Laini isipotumika kwa siku 90 hufungwa, kisha namba yake hupewa mtu mwingine. Ya baba iliwahi kuwa ya mtu mwingine kabla yetu, na mtu huyo alikopa.

Nyumbani tukampa jina la Mpangaji, yaani mpangaji wa zamani aliyehama usiku akatuachia bili. Alikopa kwenye hizi programu za mikopo ya simu, na kwa hesabu yangu si moja, maana wadai walikuwa na sauti, lafudhi na viwango tofauti vya matusi. Wengine walimtaka yeye, wengine walitaka "ndugu yake" amlipie. Siku moja nilipokea mwenyewe nikamweleza kijana kwa upole kwamba laini ni yangu na huyo mtu hatumjui. Akacheka. "Ndo mnavyosemaga wote."

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Nilifurahi nikidhani simu zitakatika. Kwetu hazikukatika. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila inapoita, na Jumanne moja tu ziliingia simu 19, ya mwisho saa nne usiku.

Mtaniuliza kwa nini sikubadilisha namba tu. Nilifikiria. Lakini parokia wanayo, kliniki ya macho wanayo, ndugu wa Kibosho wameiandika ukutani kwa mkaa. Halafu hiyo mpya nayo ingekuwa ya nani kabla yetu?

Kilichonifanya nitoe hela mfukoni si wadai, ni tapeli. Mnaujua ule mchezo wa "mwanao ameanguka shuleni, tuko hospitali, tuma hela ya kipimo". Kwa mzee mwenye watoto wa miaka arobaini na kitu ungetegemea acheke. Shida ni kwamba mdogo wetu wa mwisho ni mwalimu, anafundisha Same. Tapeli alibahatisha, na baba akasikia kile alichokuwa akikiogopa kila siku: kwamba mwanawe kaanguka kazini. Akamtuma dada kwa wakala na shilingi 80,000. Wakala wetu, Mungu ambariki, anatujua. Akamuuliza dada, "Anaumwa nani?" Kisha akampigia mdogo wangu kwa simu yake mwenyewe, akamkuta darasani anasahihisha madaftari.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mjini. Duka lenyewe liko ukishuka kutoka Mnara wa Saa kuelekea stendi. Nikamwambia muuzaji nataka simu ya mezani inayozuia namba. "Hii inazuia kila kitu, dada," akanijibu, na kwa namna fulani alisema kweli, kama mtakavyoona. Alitaka 75,000, tukamalizana kwa 65,000. Jina la kampuni silitaji, maana dukani nilikuta za majina matatu tofauti na kwa ndani zilikuwa kitu kimoja, menyu ile ile mpaka makosa ya tahajia.

Niseme mazuri kwanza. Inaingia laini ya kawaida. Ina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea, na kwetu ilimaliza siku nzima na nusu. Sauti ya kengele ni kubwa hadi jirani anajua tumepigiwa. Spika inasikika vizuri. Pembeni kuna batani tatu za kupiga kwa mbonyezo mmoja: nimebandika plasta juu yake nikaandika kwa kalamu nene, ya kwanza mimi, ya pili mwalimu wa Same, ya tatu bodaboda wetu. Baba anaipenda hiyo ya tatu kuliko zote.

Sasa kuzuia. Kwenye menyu kuna orodha mbili, ya namba zilizozuiwa na ya namba zilizoruhusiwa. Kama kila mtu, nilianza na ya kwanza. Unakwenda kwenye simu zilizoingia, unachagua namba, unaiweka gerezani. Kazi ya dakika moja. Ina nafasi 30. Zilijaa ndani ya siku 11.

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kusema simu ni mbovu. Simu si mbovu. Anayetafuta riziki kwa kusumbua watu hana laini moja, na ukimfungia mlango anakuja na laini nyingine kabla chai haijapoa. Kuzuia namba moja moja ni kama kufukuza nzi mmoja mmoja sokoni Mbuyuni. Orodha hiyo inafaa kwa msumbufu mwenye namba moja, mfano shemeji aliyelewa. Kwa wadai na matapeli haifai, na kama ndiyo sababu pekee ya kununua, kaa na hela yako.

Orodha ya pili ndiyo iliyotuokoa. Ukiiwasha, simu haiiti kabisa mpaka anayepiga awe kwenye majina uliyoyahifadhi. Anayekataliwa anasikia kwamba namba inatumika. Niliiwasha Jumapili jioni. Jumatatu nilipotoka kazini nikamkuta baba amelala kwenye kochi na redio inaongea peke yake, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi. Kwenye kumbukumbu ya simu zilizokataliwa kulikuwa na 14. Hakuisikia hata moja.

Lakini siku ya tatu mwalimu wa Same akanipigia mimi, kakasirika. "Baba anaongea na nani tangu asubuhi?" Nilikuwa nimemhifadhi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ilinichukua nusu saa ya kubonyeza kwenye kile kioo kidogo chenye mistari miwili ndipo nikaona. Nilihifadhi namba yake ikianza na sifuri, kama tunavyoandika sote, lakini simu yake ilipoingia ilionekana na +255 mbele. Kwa simu hii hao ni watu wawili tofauti. Dawa yake ni kuhifadhi kila mtu mara mbili, mara moja kwa sifuri na mara moja kwa +255. Inachosha, na katika nafasi 50 za orodha hiyo maana yake unabaki na watu 25. Chagueni ndugu zenu vizuri.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na haiko kwenye kitabu cha maelekezo, maana aliyetengeneza simu hii hajui maisha ya kwetu. Watu wetu wanapiga kwa simu za kuazima. Salio limeisha, chaji imeisha, simu iko kwa fundi, basi unaomba ya aliye karibu. Shangazi alishuka Mbuyuni na mkungu wa ndizi na ndoo ya maparachichi, akaazima simu ya kondakta ili atumiwe bodaboda. Namba inatumika. Akaazima ya muuza nyanya. Inatumika. Alifika nyumbani saa nane mchana kwa hela yake, jasho linamtoka, na neno la kwanza lilikuwa kwa baba: "Kaka, siku hizi una mchumba?"

Tulicheka, ila nililala nikiwaza ingekuwaje kama angekuwa anapiga kutoka hospitali.

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu. Mchana baba akiwa peke yake na dada, na usiku kucha, mlango umefungwa, waruhusiwa tu. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, mimi nikiwa pale, naufungua, na simu za wageni napokea mimi. Ndugu wote wametangaziwa: kama una simu ya kuazima, piga jioni au nipigie mimi. Kuwasha na kuzima ni hatua sita kwenye menyu, na hilo nalo nalipunguzia alama. Kitu kinachotumika kila siku kilistahili batani yake.

Mambo matatu nje ya simu yenyewe, kwa sababu kifaa peke yake hakitoshi. Meseji za matapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", usizifute kwanza. Zitume kwenda 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, unaiandika. Ni namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo. Mdai mmoja aliyetuma meseji ya vitisho nilimpeleka huko, na namba ile haikurudi tena. Wenzake walirudi, ndiyo, lakini yeye hakurudi. Pili, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilifanya hivyo kwa hofu tu baada ya mdai kuniambia "jina lako tunalo", nikakuta laini zangu mbili na ya baba, nikapumua. Tatu, huduma kwa wateja wa mitandao yetu ya simu wanapiga kwa namba 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida, iwe tamu namna gani sauti yake, kata. Hili nililiandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya simu kwa herufi kubwa, na dada ndiye aliyelishika kuliko sisi wote. Juzi nilimsikia anamwambia mtu, "Kama wewe ni huduma kwa wateja, mbona si mia moja?" Akakatiwa yeye.

Alama zangu ni tatu na nusu kati ya tano. Nusu ni ya betri. Ningeinunua tena? Kwa baba, ndiyo, kesho asubuhi. Kwa duka au ofisi, hapana, mtafukuza wateja. Kwa mama wa rafiki yangu kule Rau, ambaye bado anasubiri simu za wateja wa maziwa kutoka kwa watu asiowajua, nilimwambia asinunue, bora abaki na simu yake ya kawaida na ile karatasi ya namba 100.

Baba mwenyewe hajaridhika. Anasema nyumba imekuwa kimya mno. Kila baada ya muda anauinua mkono wa simu, anauweka sikioni, anasikiliza ule mlio mrefu wa kuonyesha ni nzima, kisha anaurudisha taratibu. Jana nilimuuliza anasikiliza nini. "Nilidhani yule msichana amejifunza kuamkia," akasema.