Mashine za plastiki: haidroliki au umeme?

Mashine ya haidroliki (inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta) ya kudunga plastiki iliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani umbo la kuipa sura, ina tabia moja ya ubadhirifu: pampu yake ya kawaida huzunguka hata wakati kifaa cha plastiki kinapoa ndani ya kalibu na hakuna kinachosogea. Mafuta yanapata moto, kisha unalipia tena umeme wa kuyapoza. Ile ya umeme, iliyoanza kuuzwa Japani miaka ya 1980, hutumia mota za servo (zinazozunguka kwa kiasi kinachohitajika tu), kila mwendo na mota yake; mwendo ukiisha, mota karibu hainywi kitu. Ndiyo maana inaweza kupunguza matumizi ya nishati kwa nusu au zaidi. Tena kalibu hufunguka huku skrubu, parafujo kubwa inayoyeyusha na kusukuma plastiki, ikiandaa plastiki ya mzunguko unaofuata, na hakuna mafuta ya haidroliki ya kuvujia bidhaa safi kama mabomba ya sindano za hospitali.

Bei ya kununua? Haidroliki ni nafuu. Na kwa vitu vikubwa kama bampa za magari, vinavyotaka nguvu kubwa ya kubana, bado mimi ningeichagua, ila yenye pampu inayozungushwa na mota ya servo, ambayo (wauzaji wa mashine za umeme hawapendi kuitaja) hupunguza sana pengo hilo la umeme.