Port ya vintage iliyokufa chupani, na bei yake kamili

Chakula sina neno nacho. Hata jibini la Stilton lilitolewa kwenye friji mapema likalainika, jambo ambalo migahawa mingi ya London hailijali. Kilichoniudhi ni Port, ile divai tamu ya Ureno iliyoongezwa spiriti, ya kumalizia mlo, majuzi baridi ilipokaza.

Niliagiza glasi ya vintage, yaani Port ya mavuno ya mwaka mmoja inayozeekea chupani. Mhudumu akachukua chupa iliyokaa juu ya mashine ya kahawa, penye joto, imebaki robo, akaiinamisha mpaka tone la mwisho. Mashapo meusi yakajaa glasi kama majani ya chai. Harufu ya matunda hakuna, imebaki spiriti inayochoma pua. Nikamuuliza chupa imefunguliwa lini. "Port haiharibiki, ina pombe nyingi," akajibu, keshanipa mgongo.

Uongo mtupu! Port hutiwa spiriti ya zabibu ya asilimia 77 hivi ikiwa bado inachachuka. Hamira inakufa, sukari inabaki, na kinywaji kinafikia asilimia 20 hivi. Hiyo pombe haizuii hewa kuiharibu. Vintage hukaa pipani miaka 2 au zaidi kidogo, ikatiwa chupani bila kuchujwa na kuzeekea humo. Ukishaifungua una siku 1 au 2, hasa ikiwa ya zamani. Tawny, Port inayozeekea mapipani, imeshazoea hewa ya humo, kwa hiyo friji huitunza wiki kadhaa.

Na mashapo hayana kisingizio. Chupa husimamishwa siku nzima yatulie. Kizibo hung'olewa taratibu, maana cha zamani humeguka. Kisha unamimina kwenye jagi la kioo kwa mkono usiotikisika, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unapanda shingoni, acha hapo hapo. Kinachobaki hakinyweki.

Nilikuwa nawapa nyota 2 kwa ajili ya jibini. Meneja akaja na tawny ya miaka 20, ya baridi kiasi, nyuzi 14 hivi, kwenye glasi iliyobana mdomoni: lozi, ganda la chungwa, utamu usiokinaisha. Kwa Stilton ile, nyota 4 kabisa. Halafu bili ikaja na ile vintage imo, bei kamili, na mhudumu hata pole hakusema.

Nyota 1. Ukienda, agiza tawny. Vintage usiiguse mpaka waifungue mbele yako.