LTspice kwa osileta za fuwele: inafaa, ila inataka subira

LTspice, programu ya kuiga saketi za umeme kwenye kompyuta inayotolewa bila malipo na Analog Devices, naipendekeza kwa anayetaka kuijaribu osileta ya fuwele (saketi inayozalisha mawimbi ya umeme kwa msaada wa fuwele) kabla ya kulehemu chochote. Fuwele haihitaji kuchorwa kwa vipande vinne vya umeme vinavyoiwakilisha, kwa kuwa kapasita moja ya programu hiyo hupokea thamani zote: kwa megahezi 10, mathalani, pikofaradi 0.02, Lser (koili ya mfululizo) ya milihenri 12.67, Rser (ukinzani wa mfululizo) ya omu 20 na Cpar (kapasita sambamba) ya pikofaradi 5.

Ugumu huanza unapoiendesha. Saketi ya kompyuta haina kelele za umeme zinazoiamsha osileta halisi, hivyo huweza kukaa kimya mpaka uongeze agizo la "startup", linalopandisha volti kutoka sifuri; na hata ikiamka, mawimbi hukua kwa maelfu ya mizunguko, huku hatua ya muda kati ya hesabu moja na nyingine ikipaswa kubanwa hadi nanosekunde 1 hivi, jambo linaloielemea kompyuta dhaifu. Njia ya Gear, mojawapo ya njia za kukokotoa ndani ya programu, iepukwe, maana huyafifisha mawimbi kihesabu tu, ukadhani saketi ni mbovu. Mwongozo wa LTspice, kwa maoni yangu, ni mkavu mno kwa mwanafunzi.