Datsun 240Z na Nissan 370Z: uzoefu wangu na magari yote mawili

Tangu mjomba aanze kuniachia Datsun 240Z yake ya 1972, marafiki huniuliza kama bado naipenda Nissan 370Z yangu. Naipenda sana. Lakini Jumapili asubuhi, barabara ikiwa kavu, nikipewa funguo za zote mbili nitachukua za Datsun.

Kwa mbio, mkubwa, yaani Datsun, hamkaribii mdogo wake. 370Z ina injini ya V6 ya lita 3.7 yenye nguvu za farasi zaidi ya 320. Datsun ina silinda 6 za mstari mmoja, lita 2.4, farasi wapatao 150. Ila Datsun ina uzito wa kilo 1,050 hivi, na 370Z inakaribia 1,500. Tofauti hiyo utaihisi kwenye kona ya kwanza. Usukani wake hauna pawa, kwa hiyo kuegesha ni jasho, lakini gari likishachanganya unakuwa mwepesi na kila kijiwe cha barabarani unakisikia viganjani.

Kwangu mimi jambo kubwa ni hili: barabara zetu za Kenya zina kikomo cha mwendo, na hata kwenye barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa. 370Z ikiwa gia ya pili tu inakaribia 100. Uwezo wake mwingi unabaki umelala. Datsun kwenye 80, nikipanda kuelekea Limuru, inanitumikisha mwili mzima. Nikishusha gia, lazima nipandishe mzunguko wa injini mwenyewe, ncha ya mguu ikiwa kwenye breki na kisigino kwenye mafuta. 370Z yangu ya gia za mkono inakufanyia kazi hiyo kwa kompyuta, vizuri kuliko mguu wangu, na ndiyo maana hainipi raha ileile.

Kwenye barabara mbovu pia nilishangaa. 370Z inasugua tumbo kwenye matuta, Datsun inapita. Wazee wanaokumbuka Safari Rally hawatashangaa: Edgar Herrmann aliishinda na 240Z mwaka 1971, naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akafuata mwaka 1973.

Sasa upande wa pili. Mvua ikinyesha, Datsun inabaki nyumbani. Breki za nyuma ni za ngoma, hakuna ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu), hakuna mifuko ya hewa, na mkia unateleza upesi. Siwezi kumpakia mke wangu humo usiku wa mvua. Kabureta zake mbili nazo zinataka fundi mwenye sikio: huku juu hewa ni nyepesi, na zikiwa zimepimwa kwa ajili ya pwani, injini inalishwa mafuta kupita kiasi na harufu ya petroli inajaa ndani. 370Z inajirekebisha yenyewe, iwe Mombasa au Limuru.

Kama utakuwa na gari moja tu la kukupeleka kazini, chukua 370Z. Kama tayari una la kazini na umepata 240Z inayouzwa, usidanganywe na rangi mpya. Toa betri utazame kibao inapokalia, kisha uinue zulia ukague sakafu na reli zake kwa chini. Huko ndiko kutu huanza kula, na kubadilisha vyuma hivyo kunaweza kugharimu kuliko kufanya injini upya.