Whistler Blackcomb: chini mvua, juu theluji

Anayepanga kwenda kuteleza kwa skii kwenye theluji ya Whistler Blackcomb, milima miwili jirani huko Kanada, aanze na mwinuko. Kijiji kiko mita 675 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali lifti za juu, viti na vyumba vya kebo vinavyopandisha watu mlimani, zinavuka mita 2,200. Ndiyo maana mvua hunyesha mlangoni mwa hoteli huku juu theluji ikianguka kavu. Usiahirishe siku kwa kuchungulia dirishani, soma ripoti ya mlimani. Na jaketi lizuie maji kweli, si kutia joto tu.

Tiketi ya lifti inayonunuliwa kwenye dirisha la mauzo siku ileile ndiyo ghali kuliko zote. Pasi ya Epic, tiketi ya lifti inayonunuliwa mapema, huokoa pesa kwa anayekaa siku kadhaa, ila mauzo yake hufungwa msimu ukiwa bado mchanga.

Kutoka Vancouver ni kama kilomita 120 kwa barabara namba 99. Tairi za majira ya baridi ni sharti la sheria kuanzia Oktoba 1 hadi Machi 31, kwa hiyo wa gari la kukodi akague tairi kabla ya kusaini. Basi linatosha, kijijini watu hutembea kwa miguu.

Buti za skii ndizo huharibu likizo nyingi. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Soksi iwe moja, nyembamba: ya pili hujikunja, hubana damu, na mguu hufa ganzi. Ukiulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako, sema kweli. Vifungo vya skii, vinavyoshika buti na kuiachia ukianguka, hukazwa kwa majibu hayo pamoja na urefu wa soli ya buti. Anayejidai bingwa hukaziwa mno, skii haichomoki akianguka, na goti ndilo hulipa.

Gondola ya Peak 2 Peak, vyumba vinavyoning'inia kwenye kebo, iliyofunguliwa Desemba 2008, inaunganisha milima ya Whistler na Blackcomb kwa kilomita 4.4, dakika 11 tu. Ni raha tupu, ila upepo ukizidi husimamishwa, na Desemba lifti hufungwa mapema alasiri. Aliyelala Creekside, mtaa wa chini ya mlima wa Whistler ulio mbali na kijiji, akichelewa upande wa Blackcomb, atashukia kijijini na kusaka basi, buti miguuni na skii begani.

Wanaoanza wabaki kituo cha Olympic, katikati ya mlima wa Whistler, kisha washuke kwa gondola. Jioni njia za chini hujaa watu waliochoka, na theluji yake huwa nzito kama uji.