Miezi 14 na baiskeli ya mtumba ya Kijapani: picha, taarab na safari za Jumapili hapa Mombasa

Watu wameniuliza sana kuhusu baiskeli hii, hasa akina dada, nikaona bora niandike mara moja yote niliyoyaona nayo. Ni ile ya mtumba kutoka Japani: fremu ya kike iliyoinama katikati, kikapu mbele, keria nyuma, tairi za inchi 26 na gia 3. Niliinunua shilingi 13,500 kwenye yadi moja hapa kisiwani, miezi 14 iliyopita. Nakaa Tudor, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na wakati wangu mwenyewe ni Jumamosi kuanzia alasiri na Jumapili nzima. Saa hizo sasa nazimalizia juu ya tandiko lake, kamera kikapuni, asubuhi nikifuata mwangaza na usiku nikifuata muziki.

Kilichonifanya niichague ni kifuniko cha cheni. Cheni yake imefunikwa yote, mbele hadi nyuma, na yeyote anayevaa buibui anajua kwa nini nakitaja kabla ya gia na breki. Nilipokuwa na miaka 10 nilipanda baiskeli ya baba, ile aina ya blekmamba, leso ikanaswa na cheni, nikaburutwa hatua kadhaa kabla ya jirani kunifikia. Kovu liko gotini hadi leo, na kwa miaka mingi sikugusa tena baiskeli. Hii ya sasa nguo haifiki kwenye cheni kamwe. Lililobaki ni gurudumu la nyuma, nalo fundi mmoja wa Mwembe Tayari alilishonea wavu pande zote mbili kwa shilingi 400, ili buibui lisiingie kwenye njiti. Dada zangu, msianze kuendesha bila wavu huo.

Jambo la pili ni gia. Ziko ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zimefungwa, hazining'inii nje kama za zile baiskeli za gia 21 ambazo vijana wanazipenda. Mji wetu umezungukwa na chumvi. Kakangu alinunua ya gia 21 wiki ile ile niliyonunua yangu. Kabla ya mwaka kwisha ile mashine yake ya nyuma ilishika kutu na mchanga, cheni ikawa yaruka kila akibadilisha. Yangu bado inaingia gia bila kelele. Kutu imeshika nati za kikapu na ncha za usukani tu, kwa sababu kila Jumapili jioni naifuta na kitambaa chenye maji ya mfereji, naikausha, kisha natia mafuta. Ni kazi ya dakika 20. Ukiilaza nje karibu na bahari usiku mmoja utayaona matokeo asubuhi.

Kasoro zake ni za kweli. Ni nzito, karibu kilo 20, na mimi nakaa ghorofa ya pili. Gia 3 hazitoshi ukipandisha daraja la Nyali huku upepo wa kusi unakupiga ubavuni. Mara mbili nimeshuka nikasukuma. Taa yake inawashwa na dainamo inayosugua tairi, kwa hivyo ukisimama gizani inazima nawe. Nimeongeza tochi ya betri mbele na nyingine nyekundu nyuma, na siendeshi usiku bila hizo mbili.

Na aliyeniuzia hakuwa mkweli. Tairi zilipakwa rangi nyeusi ya kung'arisha, zikaonekana mpya. Wiki ya tatu, nikiwa karibu na soko la Kongowea, la nyuma lilipasuka ubavuni kama kitambaa kikuukuu. Niliumia moyo, maana nilimwuliza mara mbili kuhusu tairi akaniapia. Kabla hujatoa pesa, toa upepo, ukunje tairi kwa vidole uangalie ubavu: ukiona nyufa ndogo ndogo, punguziwa bei au ondoka. Nafuu niliyoipata siku ile ni kwamba valvu ya baiskeli hizi ni ile ya zamani yenye kimpira kidogo ndani. Nilidhani nitaambiwa niagize vipuri. Fundi wa Kongowea aliitazama tu akasema, "Hii twaijua, dada. Ni ile ile ya blekmamba." Tairi na tyubu mpya, pamoja na kazi yake, nililipa 1,300.

Sasa nije kwenye starehe yenyewe, maana sikununua baiskeli ili niwe fundi.

Jumapili natoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri. Kupitia Tononoka na Makadara ni robo saa hadi Ngome ya Yesu, na saa hiyo barabara ni ya wafagiaji na paka. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini watalii wengi huipiga picha saa tano mchana, jua likiwa utosini na kuta zimepauka. Njoo jua linapochomoza, uende upande wa bahari. Jua la kwanza linaangukia huko, na mawe ya matumbawe yanapata rangi ya asali kwa muda wa dakika 15 hivi. Baada ya hapo nageuza baiskeli na kuingia Ndia Kuu, kwenye milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe. Mle vichochoroni gari haliingii, na hata pikipiki ni kero. Baiskeli inapita, na ukiona kivuli unachokitaka unasimama papo hapo bila kumzuia mtu.

Kuna kitu sikukitegemea. Stendi ya baiskeli hii ina miguu miwili na kitasa, ikisimama haiyumbi. Nikakunja leso nikaiweka juu ya tandiko, nikaipumzisha kamera hapo, nikapata picha za sekunde nzima kabla hakujapambazuka, bila kubeba stendi ya kamera. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote, ya muuza kahawa chungu na dele lake, makaa yakiwaka chini yake na uso wake umeangazwa na taa moja ya dukani, niliipiga hivyo. Nilimwomba ruhusa kwanza. Akakubali, akanimiminia kikombe, nami nikasubiri hadi atulie.

Kamera ni ndogo, ya lenzi za kubadilisha, nayo ni mtumba. Natumia lenzi moja tu ya milimita 35 inayofunguka hadi f/2, yaani inaingiza mwanga mwingi. Adui yake hapa Mombasa ni unyevu. Ukiitoa kwenye chumba chenye eisi (kiyoyozi) ukatoka nayo nje, lenzi inafunikwa na mvuke, na ukiifungia kabatini msimu wa masika utaikuta na ukungu ndani ya vioo. Mimi naiweka kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Kikapuni naivingirisha leso mbili, kwa sababu mashimo ya barabara yanalegeza skrubu.

Muziki ndio ulionifanya niipende baiskeli kuliko nilivyotarajia. Kwenye gari, na hata kwenye tuktuk, unasikia injini. Kwenye baiskeli unasikia mji. Jumamosi moja, baada ya swala ya isha, nilikuwa nikipita Kibokoni nikasikia tabla kutoka kwenye ua, halafu sauti nyembamba ya nyuzi inayotetema. Nikafunga breki. Ilikuwa taishokoto.

Kwa ambao hawajaiona: ni kisanduku kirefu chenye nyuzi juu, na vitufe vya kubonyeza kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unakwangua nyuzi. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikavuka bahari, na watu wa Mombasa wakaichukua wakaitia kwenye taarab. Ukisikiliza kundi la Zuhura Swaleh utaisikia. Zanzibar waliegemea kwenye fidla nyingi na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni; kwetu taishokoto na tabla zilileta mwendo mwingine, wa kuchangamka zaidi, uliokaribia ngoma ya chakacha. Wapo wanaoipenda zaidi taarab ya ala ya udi, ya marehemu Zein l'Abdin, nami naipenda pia. Lakini taishokoto inanigusa mahali pengine, labda kwa kuwa mama aliimba nyimbo hizo akichagua mchele.

Waliokuwa uani walikuwa wazee wanne wakifanya mazoezi. Nikapiga hodi. "Masalkheri, babu," nikamwambia aliyekuwa na taishokoto, nikaomba kusikiliza. "Karibu mwanangu, baiskeli itie ndani." Nilikaa saa nzima bila kugusa kamera. Nilipoomba kupiga picha, mzee akasema sura asingependa, lakini mikono niipige nipendavyo. Taa ilikuwa moja tu. Nikaweka ISO 3200 (uwezo wa kamera kuhisi mwanga), f/2, kasi ya 1/60 ya sekunde, na picha nyingi zikatoka zimetikisika, maana vidole vyake havitulii hata nukta. Tatu zilitoka sawa. Nikagundua kwamba anavuta pumzi kabla ya kibwagizo na hapo vidole vinasimama kidogo. Ndipo nikawa nabonyeza kila akivuta pumzi.

Neno moja kuhusu ruhusa. Taarab ya harusi upande wa wanawake, kamera yangu inabaki nyumbani. Pale wanawake wamevua buibui, wamejipamba, wanacheza na kumtunza mwimbaji kwa raha zao kwa kuwa hakuna jicho la nje. Nimekwenda nyingi, na picha zake ziko kichwani mwangu tu, nami sijutii. Kivukoni Likoni pia siitoi kamera, kwa sababu hapo hairuhusiwi kupiga picha.

Mara moja kwa mwezi nasafiri mbali kidogo, hadi magofu ya Jumba la Mtwana huko Mtwapa, kama kilomita 20 kutoka kwangu. Navuka daraja la Nyali kabla matatu hazijaamka, napita Kengeleni, pale penye ile kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Ndiko alikotoka Joseph Ngala, mzee wa muziki wa bango, na ukipata jioni ambapo bendi inapiga bango laivu upande huo, nenda: saksafoni inaongoza, gitaa linafuata pole pole, na watu wazima wanacheza kwa heshima zao. Bamburi napumzika chini ya mivinje. René Haller, bwana wa Kiswisi, alianza mwaka 1971 kuipanda kwenye machimbo ya saruji yaliyokuwa uchi, na jongoo ndio waliosaga majani yake hadi yakawa udongo.

Kabla ya safari hiyo uliza upepo. Wakati wa kusi unasukumwa hadi Mtwapa unajiona bingwa, halafu kurudi unalipia kila kilomita. Mimi nangoja kaskazi, kuanzia Desemba, mbingu ikiwa safi: naumia asubuhi nikiwa na nguvu, narudi mjini upepo ukinibeba. Jumba lenyewe ni la karne ya 14, na msikiti wake uko karibu kabisa na maji. Unatia baiskeli kivulini chini ya mbuyu, unasikiza mawimbi kupitia madirisha yasiyo na mbao, na kwa picha pale sina haja ya kueleza. Maji chukua lita 2, na pampu usiisahau.

Kwa anayetaka kukimbiza mwendo, baiskeli hii haimfai. Anayetaka kusimama kila mara, anayevaa nguo ndefu, mwenye mizigo na asiyetaka kwenda kwa fundi kila wiki, aichukue, mradi ahesabu shilingi 2,000 zaidi za tairi na wavu.

Wiki iliyopita nilisafisha picha moja ya ile mikono nikampelekea babu Kibokoni. Aliishika karibu na taa kwa muda mrefu. Kisha akainama akatazama fremu ya baiskeli, kwenye ile stika ndogo ya Kijapani ambayo sijaibandua, akaigeuza taishokoto yake akanionyesha mgongo wake: herufi za namna ile ile, zimefutika nusu. Tukazilinganisha moja moja. "Yasema nini?" akaniuliza. Hakuna aliyejua pale uani. Akaigeuza tena, akakaza uzi mmoja, akaniambia nisogeze kiti.